Kabla hujaniletea barua ya Kiingereza niichape

Kitenzi "discuss" hakitaki "about". Naanza na hili kwa sababu ndilo ninalokutana nalo kuliko yote hapa dukani kwangu Mwenge: kwenye ripoti za vikoba, mihtasari ya vikao vya wazazi, maandiko ya miradi, hata kwenye tasnifu za wanachuo wa Mlimani wanaokuja kuprinti na kufunga jalada gumu. Mtu anaandika "The members discussed about the loan." Futa "about", ibaki "The members discussed the loan." Imetosha, haijapungua kitu.

Kazi yangu ni kuchapa. Nilisomea uhazili Magogoni, nikafanya kazi ofisini pale Posta, halafu nikafungua steshenari yangu. Hapa tunatoa kopi za vyeti, tunakata picha za pasipoti, tunawajazia watu fomu za mtandaoni, na katikati ya hayo yote barua zinapita mikononi mwangu kutwa nzima. Mchapaji anayesoma anachokichapa huona mengi. Nilichokiona ni kwamba watu wetu hawaanguki kwenye maneno makubwa ya Kiingereza. Neno kubwa mtu analitafuta kwenye simu, analipata, analinakili vizuri. Wanaangukia kwenye vineno vidogo vinavyofuata kitenzi, on, in, at, to, for, with, of, from, vile ambavyo darasani tuliviita vihusishi.

Na inaniuma watu wanavyochekwa kwa hilo. Kuna ofisi moja hapa mjini ambako barua ya kijana aliyeomba kazi ilipigwa picha ikarushwa kwenye grupu la wafanyakazi, kisa ameandika "I am requesting for a job." Aliyenionyesha ni mteja wangu, naye aliona aibu kwa niaba ya wenzake. Kijana ana stashahada ya uhasibu, vyeti vyake vimeambatishwa vizuri, na hakuna aliyevifungua. Waliocheka hawakujiuliza kosa lile limetoka wapi. Halikutoka kwenye uvivu. Limetoka kwenye Kiswahili, tena kwenye sehemu ya Kiswahili yenye ufundi mkubwa. Nataka nilieleze hili taratibu, maana ukishalielewa utajua mwenyewe wapi pa kuwa macho.

Chukua kitenzi "andika". Ukitaka kusema uliandika ukimlenga mtu fulani, huongezi neno la pembeni. Unakigeuza kitenzi chenyewe: nimemwandikia. Leta, letea. Kimbia, kimbilia. Lia, lilia. Hiyo ndiyo kauli ya kutendea. Ile "-ia" au "-ea" inafanya kazi ya kihusishi, imeshonewa ndani ya kitenzi kama mfuko ndani ya koti. Mwingereza hana mfuko huo. Kihusishi chake anakishika mkononi, nje, kila mtu anakiona: "I wrote to the manager." Sasa mtu aliyekua na Kiswahili akishasema moyoni "nimemwandikia meneja", anahisi habari imekamilika, na kwenye karatasi inatoka "I wrote the manager." Ile "to" haikusahaulika. Kwetu ilishahesabiwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa wateja ni hii: ukiona kitenzi cha Kiswahili kichwani mwako kina "-ia" au "-ea", simama, tafuta kihusishi cha Kiingereza kinachokosekana. Mara nyingi utakipata. Pigania haki ni "fight for your rights". Muombee mgonjwa ni "pray for the patient". Kulipa na kulipia ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hapo lugha mbili zinakwenda sambamba kabisa. Unalipa ada, unalipa kodi ya nyumba, unamlipa fundi: "pay the fees", "pay the rent", "pay the fundi", bila kihusishi. Lakini unalipia vitabu, unalipia chakula: "pay for the books", "pay for the food". Ile "-ia" ya lipia ndiyo "for". Mwanafunzi akiandika "I paid the books" namwambia asome sentensi yake kwa Kiswahili kwa sauti, na mwenyewe anasikia kuwa vitabu havilipwi, vinalipiwa.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haifiki kila mahali. Vipo vitenzi vyetu ambavyo havina "-ia" wala neno lolote la kusindikiza, vinampokea mtu moja kwa moja, ilhali Kiingereza kinadai kihusishi. Nisubiri: watu wengi wanaandika kwenye meseji "Wait me at Ubungo." Inatakiwa "Wait for me at Ubungo." Nisikilize: si "listen me" bali "listen to me". Walinicheka: "they laughed at me". Nieleze: "explain to me", wala kamwe "explain me", ingawa "tell me" ni sahihi bila "to". Hapo ukiuliza kwa nini "tell" iende peke yake na "explain" isiende, jibu ni kwamba ndivyo wenyewe wanavyosema. Naomba kazi: "I am applying for a job". Hivi ni vya kukaririwa. Sioni haya kusema kukariri. Tulikariri majedwali ya kuzidisha na yanatusaidia mpaka leo sokoni.

Halafu kuna upande wa pili, ambao ndio unaojaza barua ninazosahihisha. Huko ni Kiswahili ndicho kinachoweka neno la kusindikiza na Kiingereza hakilitaki, au kinataka jingine. Tunajadili kuhusu jambo, ndiyo maana "discuss about". Tunawasiliana na ofisi, ndiyo maana "contact with the office". Tunasisitiza juu ya usafi, inatoka "emphasize on cleanliness". Tunaingia ndani ya ukumbi, inatoka "enter into the hall". Vyote vinne vinakwenda vitupu: "discuss the matter", "contact the office", "emphasize cleanliness", "enter the hall". "Enter into" ipo, lakini ni ya mikataba na makubaliano: "The two parties entered into an agreement." Ukumbini unaingia bila "into". Na hii ya "It depends with", ambayo naisikia hata kwa watu wenye shahada mbili, ni Kiswahili kitupu: inategemea na. Kwa Kiingereza ni "It depends on the budget."

Sasa nirudi kwa yule kijana na "requesting for", maana kosa lake lina chanzo cha ziada, na hapa ndipo naomba msomaji wangu akae vizuri.

Angalia barua yoyote ya ofisini. Juu, chini ya anwani, kuna kichwa cha habari kwa herufi kubwa: "RE: REQUEST FOR LEAVE". Hapo "request" ni jina, si kitenzi, na jina "request" linadai "for". Ni sahihi kabisa. Mwandishi akishuka kwenye aya ya kwanza anageuza lile jina kuwa kitenzi, lakini ile "for" anaibeba vilevile: "I am requesting for leave." Hapo ndipo anapokosea. Kitenzi "request" kinakwenda moja kwa moja kwenye kitu kinachoombwa: "I am requesting leave", au kama unaomba ruhusa ya siku chache, "I request three days' leave". Jina lina mkia, kitenzi hakina.

Ukishaliona hili kwenye "request" utaliona kila mahali. "A discussion about fees" ni sawa, "discuss about fees" si sawa. "The lack of desks" ni sawa, lakini shule "lacks desks", haiwi "lacks of desks". "The demand for water", lakini wananchi "demand water". "The answer to question four", lakini mtahiniwa "answers question four". "A visit to the clinic", lakini mama "visits the clinic". "Access to the account", lakini wewe "access the account". "Emphasis on discipline", lakini mwalimu mkuu "emphasizes discipline". "In contact with the supplier", lakini "contact the supplier". Jozi hizi nimezichapa kwenye karatasi ya A4, nikazilaminate, ziko ukutani juu ya mashine ya kopi, na mtu akisubiri kopi zake anazisoma. Sijapata kuona kitu kidogo kinachosahihisha makosa mengi kama hiki. Mtu akiniambia ana nusu saa tu ya kujifunza Kiingereza maisha yake yote, nitampa hizi jozi.

Tahadhari moja. Si kila kitenzi kinaacha mkia wake. "Apply for" na "application for" zote zina "for". "Depend on" na "dependence on" vilevile. "Refer to", "reference to". "Complain about", "complaint about". Na "reply" ni ndugu wa "answer" kwa maana lakini si kwa tabia: unajibu barua kwa "answer the letter" au "reply to the letter". Ukichanganya, ukaandika "answer to the letter" kama kitenzi au "reply the letter", zote mbili zinapinda. "Attend" nayo ina mlango wake: "attend the meeting" ni kuhudhuria kikao, ila muuguzi "attends to patients", anawahudumia. Maana imebadilika kwa sababu ya herufi mbili tu.

Nilitaja "refer". Barua zetu za Kiswahili zina mwanzo uliozoeleka: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Watu wanaupeleka Kiingereza mzimamzima, "Refer the heading above". Ikiwa lazima uanze hivyo, basi ni "Refer to the heading above", kwa sababu "refer" bila "to" ni kumpeleka mtu au jambo mahali pengine: daktari wa zahanati "refers a patient to Muhimbili", anampa rufaa. Lakini ushauri wangu wa moyoni ni kwamba sentensi hiyo uiache kabisa. Kichwa cha habari kimeshaandikwa kwa herufi kubwa, msomaji ana macho. Anza na jambo lako: "I am writing to apply for the post of Assistant Accountant." Hapo una "apply for the post" na "apply to" ukitaja taasisi: "I applied to the Ministry for the post." Cheo kina "for", mpokeaji ana "to".

Na mwisho wa barua. Kati ya barua nyingi zinazonifikia, inayofunga vizuri ni ya kuhesabu. "I look forward to hear from you." Msomaji wangu, ni "hearing". Najua inaonekana ya ajabu, maana tumefundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba baada ya "to" kitenzi kinakaa kitupu: to go, to eat, to hear. Ile ni "to" nyingine, ya kitenzi-jina, sawa na "ku-" yetu. Hii ya "look forward to" ni kihusishi halisi, na kihusishi kinataka kitu chenye umbo la jina baada yake. Kipimo ni rahisi. Jaribu kuweka jina: "I look forward to your reply." Limekubali? Basi ukiweka kitenzi mahali pale kivishe "-ing". Kipimo hichohicho kinafanya kazi kwa "committed to serving the public", "object to paying twice", na "I am used to working at night". Hii ya mwisho maana yake nimezoea kufanya kazi usiku. Ukisema "I used to work at night", umesema zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi. Mlinzi anayeomba kazi ya usiku akikosea hapo amejiondoa mwenyewe kwenye nafasi.

Kitenzi "look" peke yake kinastahili siku nzima. Mwaka huu, kipindi cha masika, aliingia binti akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imelowa pembeni. Alikuwa anaomba kazi ya kulea watoto kwenye familia ya kigeni huko Masaki; dada mmoja wa nyumba ya jirani ndiye aliyempa taarifa. Mwandiko wake mzuri, wa kalamu ya bluu, kila herufi imekaa kwenye mstari. Nikaanza kuchapa, nikafika mahali ameandika: "I looked for children four years in Tegeta."

"Mdogo wangu, hapa ulitaka kusema nini?"

"Kulea, dada. Nililea watoto."

Nikamgeuzia skrini aone. Nikafuta "for" mbele yake, nikaweka "after", na kabla ya "four years" nikaweka "for" nyingine, ya muda: "I looked after children for four years in Tegeta." Nikamwambia alivyoandika mwanzo, mzungu angesoma kwamba alitafuta watoto miaka minne, labda watoto waliopotea. Alinyamaza, akaisoma ile sentensi mpya kwa midomo, mara mbili tatu. Kisha akaomba kalamu, akaiandika "looked after" nyuma ya karatasi yake ya kwanza, ile iliyolowa, na akaniuliza kama "look" ina nyingine.

Ina nyingine, tena nyingi. "Look at" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza au kulea. "Look into" ni kuchunguza, na ndiyo unayoiona ofisini wakikujibu "We will look into your complaint." "Look up" ni kutafuta neno kwenye kamusi au namba kwenye orodha. "Look up to" ni kumheshimu mtu na kutaka kuwa kama yeye, na "look down on" ni kumdharau. Kitenzi ni kilekile, kinachobadilika ni mkia, na maana inahama kutoka kulea mpaka kudharau. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema "aah, si ataelewa tu". Hataelewa. Au ataelewa kitu kingine.

Kihusishi chetu "kwa" kinatuletea shida ya aina yake, hasa kwenye barua za kujitetea kazini. Sisi tunashtakiwa kwa, tunatuhumiwa kwa, tunalaumiwa kwa, tunakamatwa kwa. "Kwa" moja inabeba yote. Kiingereza kimeigawa: "accused of stealing", "charged with theft", "blamed for the loss", "arrested for theft", "convicted of theft". Mzee mmoja mlinzi alikuja na barua ya kumjibu mwajiri, ameandika "I was accused for sleeping on duty." Tuliirekebisha ikawa "accused of", na nilimsisitizia jambo moja: "blamed" na "accused" si sawa na "charged". "Charged with" ukiiandika umesema umefunguliwa mashtaka. Barua ya kujitetea haitakiwi kumwongezea mtu kosa ambalo hakuna aliyemsomea. Akipewa uamuzi asioridhika nao, ana haki ya "appeal against the decision". Marekani wanasema "appeal the decision" bila "against". Sisi tumerithi Kiingereza cha Uingereza na mahakama zetu zinaandika hivyo, kwa hiyo mimi naacha "against".

Usafiri nitaupitia haraka. Kwenye daladala, mwendokasi, treni ya SGR na pantoni ya Kigamboni unapanda kwa "get on" na kushuka kwa "get off". Bodaboda pia ni "get on". Teksi na bajaji ni "get in" na "get out of". Ukishuka kituoni usiseme "I will drop at Mwenge". Sema "I will get off at Mwenge". "Drop" ni ya dereva: "Drop me at Mwenge." Kufika ni "arrive in Dar es Salaam" kwa jiji, "arrive at Magufuli Bus Terminal" kwa kituo, na "arrive home" bila kitu. "Reach" haitaki chochote popote, kwa hiyo "reached at Mbezi" iondolewe "at".

Mengine ni ya kufuta tu. "Cope up with" ni "cope with". "Return back" ni "return". "Comprises of" ni "comprises", au tumia "consists of" ambayo kweli ina "of". "Fill the form" iongezewe, "fill in the form", au "fill out" kama unapenda ya Marekani; "fill" tupu ni ya ndoo.

Kuna wanaodhani shida hii ni ya Waafrika. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza iliyotoka London mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kineno kinachofuata ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote, akasema amevikusanya kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1755! Karibu miaka 200 baadaye mwalimu Mwingereza A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, alitunga na wenzake kamusi kwa ajili ya wanafunzi wasio Waingereza. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford University Press wakaitoa mwaka 1948. Alichokielewa Hornby ni kwamba mgeni hahitaji maana ya neno peke yake, anahitaji kuonyeshwa neno linakaaje kwenye sentensi na nini kinalifuata. Kamusi za aina hiyo ndizo ninazowashauri watu wangu, na leo zinapatikana bure kwenye simu. Ukifungua "depend" usisome maana ukafunga. Shuka mpaka kwenye mifano, utaona "depend on" imekolezwa wino mweusi. Hapo ndipo penye mali. Na unapoandika neno jipya kwenye daftari lako, usiandike "depend = tegemea". Andika "depend on sb/sth" ("sb" ni somebody, yaani mtu; "sth" ni something, yaani kitu), mkia pamoja na mwili, maana ukivitenganisha siku ya kwanza hutaviunganisha siku ya usaili.

Na niseme jingine ambalo wateja wengine hawapendi kulisikia kwangu. Kama tangazo la kazi linaruhusu Kiswahili, andika Kiswahili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaruhusu barua ya Kiswahili au Kiingereza, lakini vijana wanakuja na Kiingereza cha kubahatisha wakati wangeweza kuandika Kiswahili kinachotiririka. Barua ya Kiswahili safi ina heshima kuliko Kiingereza chenye viraka. Kiingereza kiandike pale kinapotakiwa, na ukikiandika kiandike kwa uangalifu uleule ambao ungeupa vyeti vyako.

Wiki iliyopita kaka mmoja alinibishia kuhusu ndoa, na kwa kuwa aliahidi kusoma hapa namjibu. Aliandika kwenye wasifu wake "I am married with a teacher", nikabadilisha kuwa "married to a teacher". Akasema ameshaona kwa macho yake "married with" kwenye wasifu wa mzungu. Ni kweli ameiona, kaka, ila angalia kilichofuata: "married with two children". Hiyo ni sahihi, na maana yake ana mke na ana watoto wawili. Mke au mume anakuja baada ya "to", watoto wanakuja baada ya "with". Kwako wewe, mwenye mke mwalimu na watoto watatu, sehemu ya hali ya ndoa inatosha kuandika "Married with three children". Faili lako nimelihifadhi, njoo na flashi tulirekebishe.